Vancouver na ukahaba: karne nzima ya kuhamishana mitaa

Katika karne yote ya 20 hakuna kifungu cha sheria ya jinai ya Kanada kilichosema kwamba mtu mzima akiuza ngono ametenda kosa. Na katika karne hiyo hiyo wanawake waliofanya biashara hiyo walikamatwa, wakatozwa faini, wakafungwa na kufukuzwa mitaani mwaka baada ya mwaka. Mambo hayo mawili yaliishi nyumba moja bila kugombana. Asiyeelewa yaliwezaje hataelewa pia kwa nini jiji tajiri kama Vancouver lilifika mahali ambapo wanawake zaidi ya 60 walitoweka mmoja mmoja, na polisi wakachelewa hata kuuliza wamekwenda wapi.

Sheria hiyo, iliyorithiwa kutoka Uingereza, haikugusa tendo lenyewe. Iligusa kila kilicholizunguka: kuendesha danguro au hata kukutwa ndani yake, ukuwadi, kuishi kwa mapato ya ukahaba, na kuonekana barabarani ukitafuta wateja. Ni sawa na kumwambia mtu kuuza samaki ni ruksa, ila asiwe na kibanda, asiite wateja na asimlipe mlinzi. Msomaji wa Kenya au Tanzania hatapata shida kuitambua sura yake, maana kosa la kuishi kwa mapato ya ukahaba limo pia katika kanuni za adhabu za nchi zetu, na aliyelileta ni mkoloni yule yule.

Sheria ya namna hiyo haina nguvu ya kuimaliza biashara, lakini nguvu ya kuisukuma inayo. Kwa hiyo anayetaka kuisoma historia ya ukahaba Vancouver aanze na ramani, afuate barabara moja hadi nyingine, na kila akifika kituo kipya aulize nani kafukuza na nani kapokea.

Mji wa wanaume

Vancouver ilipata hadhi ya mji mwaka 1886, na mwaka uliofuata reli ya Canadian Pacific ikaufikia. Walioshuka kwenye treni walikuwa wanaume kwa sehemu kubwa: wakata magogo, wachimbaji madini, vibarua wa reli, watu wa viwanda vya kusindika samaki. Bandarini walikuwapo mabaharia. Mkata magogo alikaa msituni miezi, msimu ukiisha akaja mjini na mshahara mfukoni, hana mke wala nyumba. Wachina walikuwa na sababu ya ziada ya kuishi kikapera, kwa kuwa serikali iliwatoza kodi ya kichwa kila walipoingia nchini. Kodi hiyo ilianza na dola 50 mwaka 1885 na kufika dola 500 mwaka 1903, na kibarua aliyejilipia mwenyewe kwa taabu hakuwa na ubavu wa kumlipia na mkewe.

Madanguro ya mwanzo yalijipanga Dupont Street, barabara ambayo leo inaitwa East Pender, ndani ya mtaa wa Wachina. Mpango huo uliwafaa wakubwa. Familia za wazungu wenye heshima zao hazikulazimika kuyaona, na lawama iliwaangukia Wachina ingawa wateja walitoka kila kona ya mji. Polisi nao walikuwa na utaratibu wao, kama ilivyokuwa katika miji mingi ya Amerika Kaskazini enzi hizo: mwenye danguro anaitwa mahakamani kila baada ya muda, anakiri, analipa faini, anarudi kazini kabla chai haijapoa. Kwa hakimu hiyo ilikuwa adhabu, kwa mtunza hazina wa mji ilikuwa ada ya leseni.

Mnamo 1906 shinikizo la watu wa makanisa na wafanyabiashara likazidi, na Dupont ikasafishwa. Wanawake hawakwenda mbali. Waliingia vichochoro vya jirani, Shanghai Alley na Canton Alley, na miaka michache baadaye wakajikusanya upya Alexander Street, karibu na maghala ya bandari, ubavuni mwa mtaa wa Wajapani.

Alexander Street inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu palitokea kitu ambacho hakikurudi tena. Hapo madanguro hayakuwa vyumba vya kupanga kwa wasiwasi. Yalikuwa majengo yaliyojengwa kwa kazi hiyo, kwa fedha za wanawake wenyewe walioyaendesha. Dolly Darlington alijenga lake namba 500 mwaka 1912. Alice Bernard alikuwa na lake namba 514. Marie Gomez, namba 598, aliandikisha jina lake kwa vigae vidogo kwenye sakafu ya mlangoni, mteja alikanyage akiingia. Mtu anayetarajia kufurushwa kesho haandiki jina lake kwa vigae. Na wanawake hao walikuwa wakimiliki viwanja na kuajiri mafundi wakati ambapo mwanamke wa jimbo lao la British Columbia hakuwa na haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa jimbo. Haki hiyo ilikuja mwaka 1917.

Isidhaniwe kwamba ilikuwa pepo. Madamu alichukua sehemu nono ya kila kilicholipwa, na msichana aliyeingia na sanduku tupu aliweza kujikuta anadaiwa chakula, chumba na nguo kabla hajashika chake. Lakini palikuwa na mlango wa kufunga, taa, wenzake chumba cha pili, na anwani ambayo polisi waliijua. Sifa hizo nne zilipungua moja moja kadiri karne ilivyosonga, na kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya maana kuliko zote katika hadithi hii.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Alexander Street ilikuwa imekwisha. Kampeni za maadili zilikuwa zimepata nguvu katika miji yote ya bara hilo, na kanda za madanguro zilikuwa zikifungwa moja baada ya nyingine. Wanawake wa Vancouver wakatawanyika kwenye hoteli za bei poa, vyumba vya juu ya mikahawa na nyumba za kupanga za upande wa mashariki.

Uzururaji na rangi ya ngozi

Kwa aliyebaki barabarani, silaha ya polisi ilikuwa kifungu cha uzururaji. Kilisema kwamba mwanamke ambaye ni kahaba wa kawaida au mtembea usiku, akikutwa mahali pa umma na akishindwa kujieleza vizuri anapotakiwa kufanya hivyo, ana hatia. Hebu kisome tena polepole. Hakihitaji ushahidi kwamba ameuza chochote. Hakimgusi mteja aliyesimama naye. Hakimgusi mwanamume wa aina yoyote. Kinamhukumu mwanamke kwa alivyo na mahali alipo, na mwamuzi wa jibu lipi ni zuri ni askari aliyemsimamisha. Kifungu hiki kilidumu hadi mwaka 1972.

Miaka ya 1930 Vancouver ilipata meya mwenye sauti kubwa, Gerry McGeer, aliyeshinda uchaguzi wa mwishoni mwa 1934 kwa ahadi ya kupambana na uhalifu, kamari na madanguro. Shabaha yake maarufu ilikuwa Joe Celona, mhamiaji kutoka Italia ambaye magazeti yalimpamba kwa ufalme wa madanguro ya mji. Celona alifungwa mwaka 1935, magazeti yakauza nakala, na biashara ikaendelea kwa majina mengine.

Kisa cha mwaka 1937 kinasema zaidi, ingawa hakina jambazi ndani yake. Mkuu wa polisi, W. W. Foster, alishikilia kwamba wahudumu wazungu katika mikahawa ya Wachina walikuwa wakivutwa na wateja wa Kichina kuingia kwenye ukahaba, hivyo wasiruhusiwe kufanya kazi hapo. Mikahawa iliyokaidi ilinyang'anywa leseni. Wahudumu, wakiwa ghafla hawana kazi katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, waliandamana hadi ofisi za jiji kudai ajira zao. Meya hakuwapokea. Hakuna aliyeonyesha kwamba mabinti hao walikuwa wakijiuza; kilichowaudhi wakubwa ni nani anamhudumia nani chai. Yaani polisi wa kulinda maadili walifanikiwa kuzalisha wanawake wasio na kipato, na waliliita jambo hilo ulinzi.

Vita vya Pili vilileta hoja ya kitabibu, kaswende na kisonono miongoni mwa askari, na madanguro yakabanwa zaidi. Kisha mwaka 1955 ikaja aibu ya polisi wenyewe. Mkuu wa polisi Walter Mulligan alituhumiwa kupokea hongo, tume chini ya Reginald Tupper ikaanza kusikiliza ushahidi, na Mulligan akaondoka kwenda Marekani. Hongo iliyozungumzwa ilikuwa zaidi ya kamari kuliko ya ukahaba, lakini raia alipata jibu la swali alilokuwa akijiuliza kwa miaka: kwa nini baadhi ya milango huvunjwa na mingine hubishwa kwa adabu.

Klabu ya Seymour Street

Sasa tuingie ndani. Penthouse, klabu ya usiku iliyoko namba 1033 Seymour Street, ilikuwa mali ya ndugu wa familia ya Kiitaliano ya Filippone. Joe, aliyekuwa uso wa klabu, alijiandika Philliponi. Wanamuziki na waigizaji wakubwa kutoka Marekani walipita hapo. Na kila usiku wanawake walikaa mezani, wakilipa kiingilio kama mteja mwingine yeyote, wakisubiri mwanamume awakaribishe kinywaji. Wakielewana waliondoka pamoja kwenda hotelini, baadaye mwanamke akarudi na kulipa kiingilio tena.

Faida ya klabu ilionekana wazi. Ya wanawake haikuandikwa popote lakini ilikuwa kubwa zaidi: walipata nafasi ya kumsoma mtu kabla ya kutoka naye. Kalewa kiasi gani? Jana mwenzangu alitoka naye, alimfanyia nini? Mlinda mlango alimwona nani akiondoka na nani. Wanawake wale waliendesha shughuli yao mahali penye joto, taa na mashahidi.

Desemba 1975, baada ya miezi ya askari kanzu kukaa mezani na kurekodi, polisi waliivamia Penthouse. Wamiliki walishtakiwa kwa kula njama ya kuishi kwa mapato ya ukahaba. Kesi ilichukua muda mrefu, wakatiwa hatiani, na mwishoni mwa 1977 mahakama ya rufani ikawafuta hatia. Klabu ilifunguliwa tena mwaka 1978 na ipo mpaka leo. Lakini katika miaka ile mitatu ya milango kufungwa, wanawake waliokuwa wakikaa mezani walikuwa wameshaingia barabarani.

Na huko barabarani sheria ilikuwa imebadilika. Tume ya kifalme kuhusu hali ya wanawake ilipendekeza mwaka 1970 kwamba kifungu cha uzururaji kifutwe, na Bunge likakifuta mwaka 1972. Badala yake likaweka kosa jipya: kutongoza mteja mahali pa umma kwa ajili ya ukahaba. Maana ya kutongoza iliachiwa mahakama, na kesi iliyoifikisha Mahakama ya Juu ya Kanada ilitoka Vancouver. Mwanamke mmoja alimtabasamia askari kanzu aliyekuwa ndani ya gari la kawaida. Askari naye akatabasamu. Mwanamke akaingia ndani ya gari, wakaelewana, akakamatwa. Mwaka 1978, katika kesi ya Hutt, majaji walisema tabasamu si kosa. Ili iwe kosa, mwanamke awe amemsumbua mtu kwa kumng'ang'ania. Tena ndani ya gari la mtu binafsi si mahali pa umma.

Polisi walidai kwamba wamefungwa mikono. Na kwa sentensi hiyo ukurasa wenye vurugu kuliko yote ulianza.

West End

West End ni mtaa wa maghorofa ya kupanga kati ya katikati ya jiji na bustani ya Stanley Park. Tangu katikati ya miaka ya 1970 hadi 1984, Davie Street na barabara zinazoikata zilikuwa uwanja wa wauza ngono wa kila aina: wanawake, vijana wa kiume, na wanawake waliozaliwa na maumbile ya kiume. Baadaye wengi waliofanya kazi hapo walisimulia jambo ambalo majirani zao hawakuliona: hawakuwa na makuwadi, walijuana, walikaririshana namba za magari, waliazimana kanzu za baridi.

Majirani waliona mengine, na haifai kuwacheka. Magari yalizunguka hadi alfajiri, madereva wakiwaita hata wanawake waliotoka dukani kununua maziwa. Mwaka 1981 waliunda kikundi kilichojulikana kwa kifupi cha CROWE, kikiongozwa miongoni mwa wengine na Gordon Price, ambaye baadaye alikuwa diwani. Walifanya doria, waliandika namba za magari, waliwatia wateja haya hadharani.

Hapa ndipo mfumo wa serikali ya Kanada unapokoroga mambo. Sheria ya jinai ni ya Bunge la shirikisho peke yake. Jiji lina sheria ndogo za usafi, majengo na barabara. Halmashauri ya Vancouver chini ya Meya Mike Harcourt ilitunga mwaka 1982 sheria ndogo ya shughuli za barabarani, yenye faini hadi dola 2,000, ili kuwaondoa. Calgary ilikuwa na inayofanana nayo. Januari 1983 Mahakama ya Juu ikaitupa ya Calgary katika kesi ya Westendorp: huko ni kutunga sheria ya jinai kwa mlango wa nyuma, na jiji halina mamlaka hayo. Ya Vancouver ikafa nayo.

Ikabaki njia ya tatu, ambayo kwangu ni ya kijanja kuliko zote. Mwanasheria Mkuu wa jimbo alikwenda mahakamani si kwa jinai bali kwa madai, akasema watu hawa ni kero kwa umma, kama moshi wa kiwanda au maji machafu. Julai 1984 Jaji Mkuu wa mahakama kuu ya jimbo, Allan McEachern, akatoa zuio: wauza ngono wa barabarani marufuku magharibi ya Granville Street. Aliyekiuka hakushtakiwa kwa ukahaba, alidharau mahakama. Hivyo barabara moja ikawa mpaka, na kundi zima la watu likapigwa marufuku katika mtaa ambao baadhi yao walikuwa wapangaji.

Walijibu. Wanachama wa chama chao cha kutetea usalama, kilichoitwa ASP, waliingia katika kanisa kuu la Kianglikana la Christ Church katikati ya jiji na kukaa humo siku kadhaa, wamefunika nyuso. Zuio halikubadilika. Miaka 32 baadaye, Septemba 2016, jiji lilizindua kumbukumbu yao katika kona ya Jervis na Pendrell: nguzo ya taa ya mtindo wa kale, yenye taa nyekundu. Miongoni mwa walioipigania alikuwa Jamie Lee Hamilton, aliyefanya kazi mitaa hiyo. Jina hilo lishike, linarudi.

Kutoka West End walivuka Granville. Kisha wakaenda kusini-mashariki hadi Mount Pleasant, wakazi wa huko wakapiga kelele zile zile, wakasukumwa kaskazini kuelekea Strathcona na hatimaye mitaa ya viwanda karibu na bandari. Ukiangalia ramani, utaona wamerudi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Alexander Street. Ila mwaka 1912 palikuwa na nyumba. Sasa palikuwa na kuta za maghala, magari ya mizigo na giza.

Sekunde chache dirishani

Serikali ya shirikisho ilikuwa imeunda kamati ya wataalamu chini ya Paul Fraser, na mwaka 1985 kamati ikapendekeza, pamoja na mengine, kwamba mtu mmoja au wawili waruhusiwe kufanya kazi hiyo ndani ya nyumba yao bila kuitwa wenye danguro. Bunge halikuichukua sehemu hiyo. Lilichukua upande wa barabarani pekee, na Desemba 1985 likapitisha kosa la kuwasiliana mahali popote pa umma kwa lengo la ukahaba, kwa muuzaji na mnunuzi. Gari sasa lilihesabika kuwa mahali pa umma. Kutabasamu hakukuhitajika tena kujadiliwa.

Tazama kinachotokea gari linaposimama. Zamani mwanamke aliinama dirishani, akaongea dakika mbili tatu: bei, mahali, kondomu. Huku anazungumza anatazama. Milango ya nyuma ina vitasa? Kuna mtu kajificha? Mikono yake inatetemeka? Kosa likiwa ni maongezi yenyewe, dakika hizo ndizo hatari ya kukamatwa. Kwa hiyo anaingia kwanza, maongezi baadaye, gari likiwa linakwenda. Aliyewahi kukamatwa ana masharti ya dhamana yanayomkataza kuonekana mitaa fulani, basi anasimama kule ambako doria hazipiti, na kule ambako doria hazipiti hakuna mtu mwingine pia. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu iliambiwa haya kwa namna moja au nyingine, ikakiri kwamba kifungu kinabana uhuru wa kujieleza, lakini ikakiacha kwa hoja ya kuondoa kero.

John Lowman, mtaalamu wa jinai wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, alifuatilia mauaji ya wauza ngono jimboni British Columbia na kuona yamepanda sana baada ya 1985. Alionyesha pia kwamba lugha ya magazeti na mikutano ya wakazi katika miaka hiyo ilikuwa lugha ya kutupa: waondolewe, mtaa usafishwe, waende zao. Mwuaji aliposikia, alisikia kwamba hakuna atakayeuliza.

Downtown Eastside, mtaa uliowapokea, ulikuwa na mizigo yake. Hoteli chakavu za chumba kimoja zilikuwa zimejaa maskini, wakiwamo wagonjwa wa akili waliotolewa hospitalini bila mahali pa kwenda. Heroini na kokeini zilikuwa zimetapakaa, na mwaka 1997 mamlaka ya afya ilitangaza hali ya dharura kwa sababu ya maambukizi ya VVU. Idadi ya wanawake wa jamii za asili miongoni mwa wauza ngono wa hapo ilikuwa kubwa mno ukilinganisha na idadi yao jijini. Wengi walitoka katika familia zilizovunjwa na shule za bweni walikopelekwa watoto kwa lazima na mfumo wa kuwachukua watoto wa jamii hizo kutoka kwa wazazi wao. Tangu 1992, kila tarehe 14 Februari, ndugu na marafiki wameandamana mtaani humo kuwakumbuka waliouawa na waliopotea. Yaani familia zilikuwa zikitaja majina hadharani miaka 10 kabla ya mtu kukamatwa.

Mwaka 1998 mpelelezi Kim Rossmo wa polisi ya Vancouver alionya kwamba huenda kuna mwuaji mmoja anayewachukua. Hakusikilizwa. Mwaka uliotangulia, mwanamke alikuwa ametoroka kutoka shamba la nguruwe la Robert Pickton huko Port Coquitlam, mashariki ya jiji, akivuja damu kwa majeraha ya kisu, na pingu mkononi. Pickton alishtakiwa kwa kujaribu kuua. Januari 1998 mashtaka yakasitishwa. Waendesha mashtaka waliona shahidi, mtumiaji wa dawa za kulevya, hataaminika. Pickton alikamatwa Februari 2002. Shambani zilipatikana chembe za vinasaba vya wanawake 33. Desemba 2007 alitiwa hatiani kwa mauaji ya wanawake sita, na mashtaka mengine 20 yakasitishwa mwaka 2010 kwa kuwa tayari alikuwa na kifungo cha maisha. Alikufa Mei 2024 baada ya kushambuliwa na mfungwa mwenzake.

Tume ya Wally Oppal iliyotoa ripoti Desemba 2012 ilikuta kwamba vikosi viwili vya polisi, cha jiji na cha shirikisho, havikupeana taarifa, na kwamba taarifa za kupotea zilipokelewa kwa ubaguzi. Ndugu waliambiwa binti yao huenda amesafiri. Mtu asiye na anwani anayotakiwa kuwapo hawezi kupotea, kwa hesabu ya karani.

Katikati ya miaka hiyo Jamie Lee Hamilton alifungua nyumba mtaani hapo iliyoitwa Grandma's House, wanawake wapumzike, wale, na wapate chumba chenye mlango. Mwaka 2000 polisi waliivamia, yeye akashtakiwa kwa kuendesha danguro.

Baada ya hukumu ya 2013

Nyumba hiyo ilirejea mahali pasipotarajiwa. Tarehe 20 Desemba 2013 Mahakama ya Juu ya Kanada, katika kesi ya Bedford iliyotoka Ontario, ilifuta kwa kauli moja vifungu vitatu: danguro, kuishi kwa mapato, na kuwasiliana. Jaji Mkuu Beverley McLachlin aliitaja Grandma's House kwa jina. Alisema sheria inayowazuia wanawake wa barabarani kukimbilia kimbilio kama hilo huku anayeshukiwa kuwa mwuaji anazunguka mitaani ni sheria iliyosahau shabaha yake. Serikali ilipewa mwaka mmoja.

Bunge lilipindua meza. Tangu Desemba 2014 kununua ngono, hata kwa mtu mzima, ni kosa la jinai, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo. Anayeuza ngono yake mwenyewe kwa kawaida hashtakiwi, isipokuwa akiongea na wateja karibu na shule, uwanja wa watoto au kituo cha kulelea watoto. Wanaotetea sheria hii wanasema hatimaye mzigo umewekwa kwa mwenye fedha. Wanaoipinga, wakiwamo wengi wanaofanya kazi hiyo Vancouver, wanasema mteja mwenye hofu ya kukamatwa hataji jina lake na hataki kusimama penye taa, na dirisha la gari limerudi kuwa lile lile. Nawaelewa wa upande wa kwanza, lakini baada ya kuifuata ramani hii miaka mia moja naona wa pili ndio wenye ushahidi.

Julai 2025 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya madereva wawili wa Calgary waliokuwa wakiwapeleka wanawake kwa wateja kwa niaba ya kampuni. Majaji walisema vifungu vipya vya ukuwadi na kunufaika na mapato havivunji katiba. Walifafanua kwamba havikusudiwi kumgusa mlinzi aliyeajiriwa na mwanamke mwenyewe, wala wanawake wanaochangia nyumba na gharama ili wawe salama. Kifungu cha kununua hakikuwa mbele yao siku hiyo, kwa hiyo mteja wa nyumba hiyo salama akipiga simu kuuliza bei, tayari ametenda kosa.